Jumba la Sanaa ni la Nani? Mtazamo Kutoka Gerezani

Kada anapopelekwa kutembelea jumba kubwa la sanaa katika mji wowote, uwe wa kwetu au wa ugenini, huonyeshwa mambo yale yale. Huonyeshwa viti vya mahameli na kuambiwa idadi yake. Huonyeshwa pazia, mitambo ya taa na vyumba vya kubadilishia nguo, kisha hutajiwa gharama za ujenzi na jina la aliyechora ramani. Mwisho hupewa soda, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, hupigwa picha na kuondoka. Akirudi tawini kutoa taarifa husema kwamba jumba lile linapendeza mno, na kwamba sisi nasi tumechelewa kuwa nalo.

Taarifa ya aina hiyo haiwasaidii wanachama. Haisemi jumba ni mali ya nani, wala nani analipia umeme wake, wala nani aliyepanga maonyesho ya mwezi huo na kwa kigezo gani. Haisemi kama mbeba mizigo wa soko la jirani anaweza kuingia au la. Jumba la sanaa ni nyenzo ya uzalishaji kama kilivyo kiwanda cha nguo. Tofauti ni kwamba kiwanda hiki hakitoi kanga. Kinatoa fikra, hisia na kumbukumbu za watu. Na kama tulivyokwisha kujifunza kuhusu viwanda, swali la kwanza si ukubwa wa mashine. Swali la kwanza ni nani anazimiliki na zinamfanyia nani kazi.

Tumeamua kulieleza jambo hili kwa kuanzia Gerezani, mahali ambapo hakuna jumba kubwa la sanaa hata moja. Huenda msomaji akashangaa. Lakini mtu anayelitazama jumba akiwa amekaa kitini huona jukwaa tu, na anayelitazama akiwa nje huona mlango, bawabu na bei ya kiingilio. Sisi tunataka kuviona hivi vitatu kwanza.

Uwanja ulioachwa wazi

Gerezani ni mtaa wa wafanyakazi. Reli iko karibu, karakana ziko karibu, na mpaka leo mafundi wa vyuma na wauza vipuri vya magari wamejaa humo tangu asubuhi hadi jua linapozama. Upande wa pili ni Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yaani jina lenyewe la soko letu kubwa ni kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Ukitoka Gerezani kwa miguu kuelekea katikati ya mji, unafika Mnazi Mmoja. Wengi hupita pale wakidhani ni kiwanja tu cha kupumzikia. Historia yake ni nyingine. Kanuni za ujenzi ambazo Wajerumani walizitunga mwaka 1914 ziliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kipimo cha aina ya nyumba, na kwa kuwa aina ya nyumba ilifuata mfuko, na mfuko ulifuata rangi, kanda hizo zikawa za Wazungu, za wafanyabiashara wa Kihindi, na za Waafrika. Waingereza waliurithi mpango huo, na katika miaka ya 1920 Mnazi Mmoja pakafanywa eneo la wazi kati ya mji wa biashara na mji wa Waafrika. Kwa maneno mengine, nafasi ile haikuachwa ili watu wakutane. Iliachwa ili wasikutane.

Katika utaratibu huo sanaa ya Mwafrika ilikuwa na mahali pake: barabarani, uani, na chini ya ruhusa. Kupiga ngoma ndani ya mipaka ya mji kulihitaji kibali cha serikali ya kikoloni. Mtawala alijua anachokiogopa. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoenea pwani na bara tangu kabla ya vita vile na baada yake, vilikuwa na vyeo, ada, mashindano na mawasiliano kutoka mji hadi mji. Mtawala aliyekataa kuona chama cha siasa alilazimika kuona chama cha ngoma, na akakitilia shaka ipasavyo. Tunaomba msomaji alishike neno hilo la kibali, kwa sababu tutalirudia.

Zawadi ya tajiri wa mkonge

Pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja upo ukumbi ambao wakazi wa Dar es Salaam huuita Anatoglo. Jina kamili ni Arnautoglu, la tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, George Arnautoglu, aliyetoa fedha za kuujenga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huu ndio uliokuwa, kwa Waafrika wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, ukumbi mkubwa wa kwanza wa mikutano, madarasa, dansi na michezo uliojengwa kwa ajili yao.

Ni lazima tuulize kwa nini ulijengwa wakati ule. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukasambaa hadi mikoani na kuwakumba wafanyakazi wa reli na wengineo. Mwaka 1950 bandari ikagoma tena, safari hii kukiwa na ghasia. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutambua kwamba mfanyakazi wa mjini, akiachwa bila shughuli jioni, huzungumza na mwenzake, na mazungumzo hayo huishia kwenye mshahara. Ndipo zikaja idara za ustawi wa jamii, vituo vya jamii, madarasa ya kushona na mechi za ngumi. Hatusemi kwamba madarasa yale yalikuwa mabaya. Wapo waliojifunza kusoma humo. Tunasema kwamba fedha ya mkonge ilitoka kwenye jasho la manamba mashambani, ikarudi mjini ikiwa zawadi, na juu ya mlango likaandikwa jina la mtoaji badala ya jina la aliyeichuma.

Hata hivyo mambo hayakwenda kama yalivyopangwa, na hapa ndipo penye somo. Ukumbi uliokusudiwa kutuliza ukageuka kuwa mahali pa kujipanga. Katika kumbukumbu za wazee wa harakati, Anatoglo unatajwa kuwa ndimo ulimofanyika uchaguzi wa chama cha TAA mwezi Aprili 1953, Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa rais wa chama hicho. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TAA ikageuka TANU katika jengo lake la New Street, barabara ambayo leo ni Lumumba, hatua chache kutoka hapo. Linganisheni majengo hayo mawili, ndugu wasomaji. Moja lilitolewa na tajiri na lilikuwa kubwa. Jingine lilikuwa dogo, na wanachama walilijenga wenyewe kwa kujitolea. Chama kiliutumia ukumbi mkubwa kilipopata nafasi, lakini kilizaliwa katika jengo ambalo ufunguo wake kilikuwa nao chenyewe.

Wanawake wa ngoma

Kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya historia ya Chama hulitaja haraka haraka, kama vile ni kichekesho cha pembeni. Mwaka 1955 TANU ilipotafuta wanachama wanawake mjini Dar es Salaam, haikuwapata kwa hotuba za kumbini. Iliwapata kupitia vikundi vya ngoma. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara ipitayo Mnazi Mmoja ina jina lake, alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya wanawake, vya lelemama na vinginevyo, naye kila kiongozi akawaita wenzake. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kikundi cha ngoma kilikuwa tayari kina mambo yote ambayo chama cha siasa hutafuta kwa tabu: daftari la wanachama, ada, viongozi waliochaguliwa, nidhamu ya mazoezi, sare, na utaratibu wa kusaidiana katika misiba na harusi. Hawakuhitaji kufundishwa maana ya kujiunga. Ua wa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na kisima au bomba nyuma, ndio uliokuwa jumba lao la sanaa. Halikuwa na viti, na hakuna mgeni aliyepelekwa kulitembelea.

Vivyo hivyo na dansi. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanza katika miaka ya 1930, na baada yake Western Jazz, Kilwa Jazz na nyinginezo, zilikuwa klabu za wanachama. Vyombo vilinunuliwa kwa michango, na klabu iliweza kusema gitaa lile ni letu. Kuna wanaodai kuwa mtu wa kawaida wa Kariakoo hathamini sanaa na hawezi kuilipia. Watu hao wapelekwe Mtaa wa Msimbazi wakatazame jengo la klabu ya Simba, kisha waende Jangwani kwa Yanga, waulize klabu hizo zimeishi miaka yote hiyo kwa ada na mapenzi ya nani. Mkazi wa Gerezani hukilipia kilicho chake. Anachokataa ni kulipia mlango ambao ukifunguka anatazamwa viatu.

Tulilishuhudia hilo wenyewe. Tulipokuwa na wanafunzi katika ziara ya kujifunza kwenye ukumbi mmoja mkubwa, ambao hatuna haja ya kuutaja, bawabu aliwazuia wawili kati yao kwa sababu walivaa kandambili. Jioni ile ndani ulikuwa unaonyeshwa mchezo kuhusu maisha ya wakulima. Mwigizaji mkuu alikuwa pekupeku.

Uhuru na jukwaa la Serikali

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa hoja ya Mwalimu kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi tu la watu wasio na roho ya kuwaunganisha. Haukupita muda kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Vijana waliopelekwa China mwaka 1965 walirudi mwaka 1969 wakiwa wanasarakasi, na mwaka 1974 kikaanzishwa kikundi cha maigizo cha taifa. Kwa nchi iliyotoka kuambiwa kuwa ngoma ni ushenzi, hatua hizi zilikuwa kubwa, na anayezibeza hajui kasumba iliyokuwapo.

Lakini tukijikosoa, kama Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulivyotutaka tusiogope kufanya, tunakuta kosa la nadharia. Ngoma kijijini haina mtazamaji. Aliyesimama pembeni anapiga makofi, anaitikia, na baada ya dakika mbili anaingia uwanjani. Tulipoichukua ngoma hiyo, tukaikata iwe ya dakika nane, tukaipanga mstari mmoja ukimwelekea mgeni wa heshima, tuliihifadhi miondoko na kuipoteza kazi yake. Tukawa na ngoma za kupokelea wageni uwanja wa ndege. Kikundi cha taifa hakikuwa na jukwaa lake la kudumu katika mji mkuu wa biashara ambamo mfanyakazi wa Gerezani angekwenda kila Jumamosi kwa nauli ndogo. Vikundi hivyo vilivunjwa, na urithi wao ukawa chuo cha sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981. Chuo kile, leo TaSUBa, kimelea wasanii wengi, na tamasha lake la kila mwaka lina sifa. Hata ukumbi wake ulipoungua mwaka 2002, ulijengwa mwingine. Pamoja na hayo Bagamoyo ni kama kilometa 70 kutoka Kariakoo, na daladala ya usiku haisubiri onyesho liishe.

Tukiri pia kwamba baadhi ya sanaa bora ya kipindi cha Azimio la Arusha haikudai ukumbi hata kidogo. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA walizieneza baada ya mwaka 1967, zilihitaji watoto wa shule na uwanja wa mkutano, basi.

Mashirika yenye magitaa

Mjini Dar es Salaam, jukwaa lililowagusa wafanyakazi kweli lilikuwa la dansi, na historia yake ya umiliki inastahili kusomwa darasani kwa makini kuliko inavyosomwa.

Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio, klabu za wanachama zilipungua nguvu na mahali pake pakachukuliwa na taasisi za umma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi na majeshi walikuwa na zao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake, Shirika la Usafiri Dar es Salaam lilikuwa na UDA Jazz, na Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mwaka 1978 ikaanza Mlimani Park, kwanza chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo ukumbi wake wa Kariakoo ukawa nyumbani kwa bendi hiyo. Wapenzi waliipa jina la Sikinde, na wapinzani wao wa NUTA, iliyokuwa imegeuka JUWATA, wakaitwa Msondo. Majina yote mawili ni ya ngoma za Wazaramo. Yaani mfanyakazi wa mjini, mbele ya magitaa ya umeme na saksafoni, aliita dansi yake kwa jina la ngoma ya wenyeji wa ardhi ile. Hakuna wizara iliyomwamuru.

Faida ya mfumo huo ilikuwa dhahiri. Mwanamuziki alipata mshahara, na katika baadhi ya mashirika alipata matibabu na nyumba kama mfanyakazi mwingine. Kiingilio kilikuwa cha mtu wa kawaida. Ukumbi wa Kariakoo ulikuwa unafikika kwa miguu kutoka Gerezani, Ilala na Magomeni, na nyimbo zilizungumza mambo ya nyumba za watu: ndoa, deni, mkwe, safari, kifo.

Kasoro yake iliwekwa pale pale kwenye msingi. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na aliyehama bendi aliondoka na sauti yake tu. Fedha ya uhakika haikuwa getini. Ilikuwa kwenye bia, kwa hiyo ukumbi ulipangwa kwa mahitaji ya kaunta, na familia, wazee wasiokunywa na wanawake wasiotaka kusumbuliwa walikaa nje. Wapenzi waliojaa kila wiki hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika uamuzi wa shirika. Ilikuwa mali ya umma kwa jina, na umma ulikuwa mteja. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja alipowavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kwa ahadi ya maslahi bora, hakuna taratibu za umma zilizoweza kuwashika, kwa kuwa hazikuwa zimewapa sehemu ya kumiliki.

Kisha zikaja hali ngumu za miaka ya 1980, mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na kupunguzwa kwa mashirika ya umma katika miaka ya 1990. Shirika linalopunguza wafanyakazi halianzi na mhasibu, linaanza na mpiga tarumbeta. Bendi nyingi zikafa na taasisi zao. Msondo na Sikinde zilidumu kwa ukaidi wa wanamuziki na wapenzi wao, si kwa mpango wa mtu. Chama nacho, mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992, kilikuwa na kikundi cha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba, kikichanganya kwaya, taarabu, ngoma na maigizo. Kilifanya kazi kubwa ya kampeni. Lakini yafaa tujiulize bila kinyongo: je, tulimwona msanii kama mjenzi wa fikra kwa miaka mitano yote, au tulimkumbuka mwezi wa kampeni?

Majumba ya jirani na ya mbali

Wanaotaka jumba kubwa wamekuwa wakitutolea mifano ya nje. Tuitazame.

Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa mjini Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa Hali ya Hatari. Lilijengwa katika eneo la starehe za walowezi. Baada ya uhuru jina lilibaki la taifa, lakini mwaka 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu Dedan Kimathi, pamoja na ule wa Francis Imbuga kuhusu usaliti mjini, ilipewa siku chache tu za jukwaa, huku nafasi kubwa ikiwa imeshikwa na maonyesho ya kigeni. Mwaka uliofuata wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu kama 2,000, wakaigiza kwa Kikuyu. Novemba 1977 kibali kiliondolewa, tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ule ukavunjwa. Serikali haikuwa na haja ya kulivunja jumba la Nairobi. Kulihodhi kulitosha.

Kampala lilijengwa jumba la taifa mwaka 1959. Mkurugenzi wake Byron Kawadwa, aliyepeleka mchezo wake katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, alirudi nyumbani na kuuawa na vyombo vya utawala wa Idi Amin. Jengo halikuguswa.

Lagos kwenyewe, kwa ajili ya tamasha hilo, lilikamilishwa mwaka 1976 jumba lenye ukumbi wa watu 5,000, ramani yake ikifuata jumba la michezo la mji wa Varna, Bulgaria. Fedha ya mafuta ilitosha kujenga. Bajeti ya matunzo haikutosha kuliendesha. Lilichakaa, paa likavuja, na mara kadhaa ikafikiriwa kulikabidhi kwa watu binafsi. Limekarabatiwa katika miaka ya karibuni na mwaka 2024 likapewa jina la Wole Soyinka. Kumbukeni kwamba kiti kimoja cha ukumbi, kikiwa kitupu, bado kinadai umeme, ufagio na mlinzi. Ndiyo maana kumbi nyingi za mjini kwetu zinaishi kwa harusi na semina: mwenye harusi hulipa mapema, na mwigizaji hulipa baada ya kuuza tikiti.

New York nako lipo Lincoln Center, ambalo kila mgeni hupelekwa. Kabla halijajengwa, eneo lile liliitwa San Juan Hill, mtaa wa watu weusi na Wapuerto Riko maskini. Katika miaka ya 1950 ulitangazwa kuwa makazi duni ya kubomolewa, na familia zipatazo 7,000 zikahamishwa. Ukumbi wa kwanza ukafunguliwa mwaka 1962. Walioondolewa hawakurudi kama wenyeji. Labda wachache walirudi kama wafagiaji. Gerezani inaielewa habari hii bila mkalimani. Nyumba za kota za zamani pale zilivunjwa kupisha mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambayo huduma yake ilianza mwaka 2016. Mabasi yana manufaa, nasi tunayapanda. Lakini ikiwa siku moja ramani ya jumba la sanaa itawekwa juu ya mtaa wa watu, basi wenye mtaa wawe wamekaa mezani kabla ya rula haijashushwa.

Ufunguo ulioko mfukoni mwetu

Imekuwa ikitajwa mipango ya kulijengea jiji ukumbi mkubwa wa kisasa wa sanaa. Hatuipingi. Wasanii wetu wameigiza vya kutosha katika kumbi za mikutano zenye mwangwi, ambazo mtu wa safu ya kumi hasikii neno. Tunachotaka ni kwamba kada atakayetumwa kuukagua asianze na viti. Aombe daftari la ratiba la mwaka mzima na kuhesabu siku za sanaa na siku za harusi. Aulize kodi ya ukumbi kwa kikundi cha vijana kutoka Buguruni, na kama kipo chumba cha mazoezi kisicholipiwa. Aulize basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Katika bodi, amtafute msanii, kisha amtafute mtazamaji. Na akapande ghorofani kwa mafundi wa taa aone wanalipwa kwa mwezi au kwa siku.

Hata hivyo, ndugu makada na wanafunzi, kubwa zaidi haliko kwenye mipango hiyo. Wakati tunasubiri jumba, sanaa ya vijana wa mji huu haijasubiri. Singeli imezaliwa katika mitaa ya Tandale na Manzese, kwenye vigodoro, kwa spika za kukodi na kompyuta moja, bila ruzuku. Mdundiko bado unapita mtaani siku ya sherehe, ukisimamisha bajaji. Wapo wanaokasirishwa na kelele, na mgonjwa au mtoto wa shule ana haki ya kulala. Hilo si la mzaha. Lakini shughuli hizo zinapoombewa ruhusa, maombi hupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Anayekaa kwenye meza hiyo, mara nyingi, ni mwenzetu. Kibali kile kile ambacho mtawala wa kikoloni alikishika kwa hofu, leo sisi tunakishika, na tunaweza kukitoa kwa saa zinazofaa, kwa uwanja uliopo, bila kuomba kitu chini ya meza.

Tuliwauliza wanafunzi wetu, tukiwa tumesimama Mnazi Mmoja jioni mabasi ya Gerezani yakijaa watu, ni viwanja vingapi vya wazi vilivyobaki katika kata zao ambavyo kikundi kinaweza kufanyia mazoezi bila kulipa. Wengi hawakuwa na jibu, na hatukutaka wabahatishe. Waliandika swali hilo kwenye madaftari, kila mmoja na jina la mtaa wake, ili waende wakahesabu.